Taa ya Ndani ya Motokaa na Namna ya Kutafuta Kasoro Yake



Watu wengi hudhani kwamba taa ndogo ya ndani ya motokaa ni pambo tu. Lakini tufanye hesabu. Globu ya wati 10 katika motokaa ya volti 12 hutumia kiasi cha ampea 0.83. Ikiachwa ikiwaka tangu saa moja jioni ya Ijumaa hata saa moja jioni ya Jumapili, yaani saa 48, itakuwa imenyonya ampea-saa 40. Betri za motokaa ndogo nyingi hubeba kiasi hicho tu. Bandu bandu huisha gogo! Mgonjwa akizidiwa usiku huo, motokaa haitawaka, na njia ya hospitali ni ndefu. Basi yafaa kila mmoja wetu ajue kuitafuta kasoro ya taa hii.

Njia ya umeme

Katika motokaa nyingi za zamani kidogo, umeme hutoka upande chanya wa betri, hupita katika fyuzi, huingia katika globu, kisha hufika kwenye swichi ya mlango. Swichi hii ni kitufe kidogo kilicho penye fremu ya mlango. Mlango ukifunguliwa, kitufe hutoka nje na kuunganisha waya na bodi ya motokaa, nayo bodi huurudisha umeme upande hasi wa betri. Mlango ukifungwa, kitufe husukumwa ndani na njia hukatika. Anayeikumbuka duara hii hatabahatisha.

Taa isiyowaka

Kwanza, isogeze swichi ya taa yenyewe mahali pa kuwaka daima. Ikiwaka, basi globu na fyuzi ni nzima. Kasoro iko kwenye swichi ya mlango au waya wake. Isipowaka, itoe globu uitazame. Uzi wa ndani ukiwa umekatika, tia nyingine ya wati zile zile. Kama umetia ya LED nayo haiwaki, igeuze kwanza, kwa kuwa nyingi za namna hiyo hukubali umeme wa upande mmoja tu.

Globu ikiwa nzima, chukua taa ya kujaribia: globu ya volti 12 yenye nyaya mbili. Waya mmoja ubane kwenye chuma kitupu cha bodi, wa pili ugusishe miguu ya taa, mmoja baada ya mwingine. Ikikataa kuwaka kotekote, umeme haufiki; nenda kwenye fyuzi. Katika Toyota nyingi fyuzi hii huandikwa DOME, nayo mara nyingi hulisha saa na kumbukumbu ya redio pia. Kwa hiyo saa ikizimika pamoja na taa, ishuku fyuzi kwanza.

Taa isiyozimika

Fungua milango yote, kisha mtu abonyeze vitufe vyote pamoja. Taa ikizimika, vitufe ni vizima. Huenda mlango mmoja haukifikii kitufe chake vizuri. Isipozimika, chomoa waya wa kila swichi, mmoja mmoja. Swichi ambayo ukichomoa waya wake taa huzimika, hiyo ndiyo mkosaji. Vumbi la barabara zetu za murramu huingia ndani yake, na mvua huleta kutu, hata kitufe kikakwama. Ukichomoa zote na taa ingali inawaka, waya umechubuka mahali na unagusa bodi.

Taa hafifu

Mnamo mwaka 1827 Georg Ohm alichapisha kanuni tunayofundishwa darasani: volti zikiwa zile zile, ukinzani ukiongezeka, mkondo hupungua. Kutu ni ukinzani. Kwa hiyo taa ikififia peke yake, hali taa kubwa za mbele ni kali, usiilaumu betri. Sugua kwa msasa laini miguu ya globu na mahali swichi inapoungana na bodi. Kabla ya kusugua, chomoa fyuzi.

Maonyo

Fyuzi ikiungua, tia nyingine ya ampea zile zile: nyekundu ni 10, ya bluu ni 15, ya manjano ni 20. Ikiungua tena, usiongeze ukubwa, bali utafute waya unaogusa bodi. Wako watu wanaoifunga fyuzi kwa waya au kwa karatasi ya fedha ya sigara. Hao wameiondoa sehemu iliyowekwa iungue kwanza. Sasa kitakachoungua ni waya wenyewe, nyuma ya kitambaa cha dari, na watu wakiwa ndani.

Tena, motokaa za siku hizi huziongoza taa zake kwa kompyuta ndogo, na taa kuchelewa kuzimika baada ya mlango kufungwa si kasoro. Katika hizo tumia mita, usitumie taa ya kujaribia. Wala usiguse nyaya zenye vifuniko vya manjano, maana mara nyingi ni za mifuko ya hewa ya kuwakinga abiria.

Wanafunzi wa zamani wenye motokaa watatusamehe kwa kuwakumbusha wanayoyajua. Nanyi wenzangu, mkiitwa kusaidia, anzeni penye globu, mwishie penye betri, wala msiruke hatua.