Balozi wa Japani: Tangu Mombasa Hata Nairobi

Msomaji apitaye Tiva katika Kitui, au Kibwezi katika Makueni, aweza kuona mashamba ya mikau iliyopandwa kwa mistari, miti iliyochaguliwa kwa ajili ya mbegu. Mashamba hayo yalitokana na kazi iliyoanzwa mwaka 2012 na Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya pamoja na wataalamu wa Japani. Wajapani walifikaje huku, na ni nani aliyepatana nao? Jibu lake laanzia pwani, tena laanza na nguo.

Katika mwaka 1926 meli za kampuni ya Osaka Shosen Kaisha zilianza safari za kawaida kuja Afrika Mashariki. Zilileta marekani na nguo nyingine za pamba, na Japani ikanunua pamba ya Uganda. Mapatano ya mataifa juu ya Bonde la Kongo, ambayo asili yake ni mkutano wa Berlin wa 1885, yalikataza upendeleo wa ushuru. Basi nguo ya Japani ililipa ushuru sawasawa na nguo ya Uingereza. Na kwa kuwa bei yake ilikuwa nafuu, mwanzoni mwa miaka ya 1930 iliishinda ile ya Manchester madukani. Biashara kubwa haikosi matata: mzigo hulowa, hati hupotea, baharia huugua ugenini. Kwa hiyo mwaka 1932 Japani ilifungua ofisi ya konseli mjini Mombasa.

Hapa yafaa tupambanue maneno. Tangu zamani watu wa pwani walimwita konseli "balozi", lakini siku hizi vyeo ni viwili. Konseli, yaani balozi mdogo, huangalia biashara, hati za safari na shida za watu wa kwao. Balozi kamili husema kwa niaba ya mkuu wa dola yake, na hupokewa na mkuu wa dola nyingine. Koloni haina mkuu wa dola wake. Mambo ya nje ya Kenya yaliamuliwa London, na ndiyo sababu Mombasa ilipata konseli tu. Ugomvi wa bei na ushuru wa nguo ulizungumzwa baina ya Waingereza na Wajapani. Mama wa Kitui aliyeivaa nguo hiyo hakuulizwa neno.

Wala hakuulizwa vita vilipokuja. Uingereza ilitangaza vita juu ya Japani tarehe 8 Desemba 1941, na uhusiano wa kibalozi ukakatika. Wakamba walikuwa wengi sana katika jeshi la K.A.R., wakitoka Kitui na wilaya ya Machakos, ambayo wakati ule ilikuwa pamoja na Makueni. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani. Walikufa karibu watu 1,300, miongoni mwao askari wengi wa mizinga wa Afrika Mashariki. Mwaka huo huo Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana na Wajapani katika bonde la Kabaw, nchi ya Burma, katika mvua na matope na malaria, hata ikaingia Kalewa mwezi wa Desemba.

Mkataba wa amani ulitiwa sahihi San Francisco mwaka 1951, ukaanza kutumika Aprili 1952. Kenya haikuwa na kiti mezani, ingawa watoto wake walizikwa Burma.

Uhuru ulipopatikana tarehe 12 Desemba 1963, Japani iliitambua Kenya, na mwaka 1964 ikafungua ubalozi kamili Nairobi. Kenya kwa upande wake ilifungua ubalozi Tokyo mwaka 1979. Miaka 15 ni mingi, lakini ubalozi ni gharama: nyumba, watumishi, mishahara ya fedha za kigeni.

Balozi mwenyewe hapandi miti. Mapatano hufanywa baina ya serikali mbili, ndipo mafundi wakaja. Mafundi wa misitu wa Japani walikuwa wakifanya kazi Kitui tangu miaka ya 1980. Mukau ulichaguliwa kwa sababu Wakamba waliujua zamani: mbao zake hazishambuliwi upesi na mchwa, magogo yake hutengenezwa mizinga ya nyuki, na majani yake hulisha mifugo wakati wa kiangazi. Taabu ni kokwa yake ngumu, kwani mbegu isipotolewa kwa uangalifu haioti. Mkulima atakaye mbegu bora aulize katika kituo cha Taasisi hiyo kilichoko Kitui.