Nyumba ya Mkopo na Vyumba vya Wapangaji

Katika darasa yetu ya Voi ndugu mmoja, mwalimu wa skuli, mwenye mke na watoto watatu, alituuliza swali ambalo tumeona halifai kubaki baina ya watu kumi waliokaa mkekani. Alisema: "Nataka kununua nyumba kwa mkopo wa benki. Nyumba yenyewe ina vyumba vinne vya uani, nami nitavipangisha kwa wanafunzi wa chuo kikuu na watu wa kazi. Kodi yao ndiyo itakayoilipa benki. Sina nyumba yangu, na kodi ninayolipa yanimaliza. Je, hii si dharura ya kunihalalishia?"

Twamshukuru kwa kulisema swali lote. Wengi huliuliza nusu. Humwendea shekhe wakamwambia, "Nina haja ya nyumba," na habari ya wapangaji wakaificha kibindoni. Kisha jawabu waliyopewa kwa nusu ile huitumia kwa swali zima.

Kuwa mkopo wa riba ni haramu ni jambo lisilohitaji maneno mengi. Qur'ani imeliharimisha katika Suratul Baqara, na katika hadithi sahihi iliyopokewa na Muslim laana haikumshukia mla riba peke yake, bali na mwenye kumlisha, na mwandishi, na mashahidi. Mwenye kukopa ndiye mwenye kulisha. Basi asiseme mtu kuwa dhambi ni ya benki, yeye ni mlipaji tu.

Lililobaki ni neno "dharura", na hapa ndipo watu wengi wanapoteleza. Mwaka 1999 Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti lilitoa ruhusa kwa Waislamu wa nchi za Magharibi kununua nyumba kwa mkopo wa riba, na fatwa hiyo imefika kwetu kwa mdomo, ikipungua sharti zake kila inapopita. Sharti zilikuwa hizi: iwe nyumba ya kukaa mtu na watu wake, asiwe na nyumba nyingine ya kumtosha, asiwe na mali ya ziada ya kuinunulia bila mkopo, na pasiwe na njia nyingine ya halali. Pamoja na hayo wako maulamaa wengi walioikataa. Lakini hata tukiichukua kama ilivyo, ndugu yetu haingii ndani yake. Nyumba yenye vyumba vinne vya kukodisha imepita haja ya kukaa, imekuwa biashara. Aliyehalalishiwa nyamafu kwa ajili ya njaa hakuhalalishiwa kufungua duka la nyama.

Na hiyo njia nyingine kwetu Kenya ipo. Tangu mwaka 2008 zimefunguliwa nchini benki zinazofanya kazi kwa sharia ya Kiislamu, nazo hutoa fedha za nyumba kwa murabaha, au kwa ijara, au kwa sharika yenye kupungua. Hatusemi kuwa kila karatasi yao ni safi kwa sababu ya jina. Benki nyingi za Kiislamu ulimwenguni hupimia kodi yao kwa kipimo cha soko la riba, na jambo hilo lina maneno. Lakini kuwafanana wengine katika kipimo si kuwa mamoja nao katika asili ya mkataba. Soma mkataba, uliza, tena usione haya kuuliza mara mbili.

Tufanye mfano wa sharika, kwa hesabu tuliyoitunga kwa ajili ya somo. Nyumba ni ya shilingi 3,000,000. Wewe una 600,000, mshirika wako atoa 2,400,000. Nyumba imegawanywa mafungu 100. Yako 20, yake 80. Mmepatana kuwa utayanunua mafungu yake kwa miaka 10, yaani shilingi 20,000 kila mwezi, na kuwa kodi ya nyumba nzima ni 20,000. Kwa kuwa wewe wakaa katika mafungu yake 80, utamlipa kodi ya 16,000. Mwezi wa kwanza basi utatoa 36,000. Ukifika nusu ya muda, mafungu yake yamebaki 40, kodi yake imekuwa 8,000, nawe watoa 28,000. Katika riba mkopeshaji ana deni lake hata nyumba ikiteketea. Katika sharika ya kweli ikiteketea imewateketea nyote wawili. Hili ndilo la kulitazama katika karatasi. Ukiona mshirika hachukui hasara yoyote ya mali aliyo na fungu ndani yake, jua kuwa umeuziwa jina.

Sasa wapangaji. Voi ina wapangaji, hilo halina shaka. Chuo Kikuu cha Taita Taveta kilipata hati yake ya chuo kikuu kamili mwaka 2016, reli mpya ilianza kubeba abiria mwaka 2017 na stesheni yake ipo, na watu wa mbuga ya Tsavo na wa njia ya Taveta hawakatiki. Lakini mwanafunzi huenda likizo, na mfanyakazi huhamishwa. Ndugu yetu amehesabu vyumba 4 kwa shilingi 4,000, jumla 16,000 kila mwezi, kwa miezi 12. Ahesabu miezi 9. Hapo wastani ni 12,000, wala hajatoa maji, wala bati lililovuja, wala aliyeondoka usiku na kodi ya miezi miwili. Katika ile 36,000 ya mfano wetu, 24,000 itoke katika mshahara wake. Ikiwa mshahara hauwezi, nyumba hiyo hakuimudu tangu siku ya kwanza, na kodi ya wanafunzi ilimfumba macho tu. Na kodi za mtu zikipita shilingi 288,000 kwa mwaka, serikali yadai ushuru wa asilimia 7.5, kiwango kilichoanza Januari 2024. Nao hutozwa katika kodi yote iliyopokewa, bila kuondoa gharama.

Liko jambo ambalo watu hulificha, nalo ni la kumwambia mwenye fedha. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, aliyeweka nyumba rehani hapangishi kwa muda wa zaidi ya mwaka mmoja bila idhini ya maandishi ya aliyemkopesha. Na mikataba mingine ina masharti magumu kuliko hayo. Katika sharika jambo ni zito zaidi, kwa kuwa wapangisha mali ya mwenzio. Wanazuoni wengi wamemruhusu aliyekodi kumkodisha mwingine, maadamu mwenye mali hakukataza na mpangaji wa pili hadhuru kuliko wa kwanza. Basi waseme wapangaji kabla ya kutia sahihi. Mtu kuandika "nyumba ya kukaa" na hali amekwisha pokea arubuni za vyumba vinne, huo ni uwongo ulioandikwa kwa wino.

Sheria hiyo hiyo haikubali rehani ya nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mume au mke wa pili wa ndoa hiyo. Wala ridhaa ya mke isiwe ya sahihi tu. Yeye ndiye atakayeshinda na wapangaji uani. Vyumba viwe na mlango wao na choo chao.

Na hati ya ardhi? Katika Taita Taveta hapa ndipo safari nyingi hukomea. Sehemu kubwa ya nchi hii ni mbuga ya Tsavo, nyingine ni mashamba ya katani, na wako wengi waliokaa vizazi bila hati. Benki haishiki nyumba isiyo na hati, iwe ya riba au ya sharika. Mtaa wa Tanzania-Bondeni hapa Voi katika miaka ya 1990 ulichagua njia yake: ardhi ishikwe na wadhamini kwa ajili ya wakazi wote, na mtu amiliki nyumba aliyoijenga. Ni kinga dhidi ya matajiri wa kununua viwanja, ingawa ardhi ya namna hiyo si nyepesi kuiweka rehani. Wazee wetu wa Mombasa nao walijenga nyumba zao juu ya ardhi za watu bila benki: vyumba viwili kwanza, kimoja cha kukaa na kimoja cha mpangaji, na kodi ya mpangaji ikanunua miti ya chumba cha tatu. Huchukua miaka, lakini chumba kikikosa mpangaji hakuna anayekuja na mnada.

Tulipofika hapo tukamwuliza ndugu yetu kama hana kiwanja popote. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kipo, Mwatate, cha marehemu babake. Hakukitaja kwa kuwa hakijagawanywa, na dada zake wawili hawajaambiwa kuwa wana fungu ndani yake. Tukafunga vitabu. Darasa ijayo, inshallah, itaanzia katika kiwanja hicho.