Kikundi Kiendeshwe kama Kikosi cha Gemu

Kila halmashauri nchini Tanzania, Kilosa ikiwemo, hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kuupata mkopo ni kazi. Kikundi kubaki kimoja mpaka rejesho la mwisho ni kazi kubwa zaidi, na hapo ndipo vijana wengi hukwama. Ufundi wanao. Aliyesomea kuchomelea VETA Mikumi anajua kuchomelea, na wa bodaboda Kilosa anaijua kila njia ya kwenda mashambani. Kinachowashinda ni kufanya kazi pamoja pesa ikiwa katikati yao.

Vijana haohao jioni wanashika simu, wanaingia Free Fire wakiwa kikosi cha watu wanne, wanashushwa kisiwani pamoja na vikosi vingine, jumla ya wachezaji hadi 50, na ndani ya dakika chache wanagawana kazi, wanapeana taarifa na kuinuana mmoja akiangushwa. Huo ni uongozi, tena mzuri. Ushauri wangu ni kwamba wautoe kwenye simu, waulete kwenye kikundi.

Anzeni na suala la nani anaongoza. Mwaka 2008 watafiti watatu, Byron Reeves, Thomas Malone na Tony O'Driscoll, waliandika katika jarida la Harvard Business Review kuhusu uongozi ndani ya gemu za watu wengi. Waliona kwamba humo uongozi ni jukumu la muda. Mchezaji anaongoza shambulio moja, linalofuata anamfuata mwingine, na hakuna anayejiona ameshushwa cheo. Sasa chukua kikundi kinacholima vitunguu Malolo. Wakati wa kumwagilia aongoze anayeujua mfereji na zamu za maji. Wakati wa kuuza aongoze anayewajua wanunuzi, na mwenyekiti naye apokee maelekezo yake. Mwenyekiti abaki kwenye katiba na kwenye saini za benki, maana huko anahitajika, lakini asilazimike kuwa bingwa wa kila kitu. Andikeni kwenye kumbukumbu za mkutano nani anaongoza kazi ipi na mwisho wake lini.

Kisha rekebisheni namna ya kuongea. Kwenye gemu hakuna anayesema "jamani kuna tatizo". Anasema adui yuko wapi, wako wangapi, na yeye anafanya nini. Tangu treni ya SGR ianze safari mwaka 2024, bodaboda wa Kilosa wana abiria wanaoshuka kwa wingi na kwa wakati mmoja. Ujumbe wa "nimepata shida" kwenye kundi la WhatsApp hausaidii mtu. Ujumbe unaosaidia ni huu: "Tairi limepasuka Kimamba, nitachelewa saa moja, nani amchukue abiria wangu wa stesheni?" Mahali, hali, ombi. Na anayejibu aseme "mimi", asiweke dole gumba tu.

Kwa wanaouza chakula Mikumi, pale mabasi na malori ya barabara kuu ya Iringa yanaposimama, kuna gemu moja ningewashauri waicheze kabisa: Overcooked, iliyotoka mwaka 2016. Wachezaji wanashirikiana jikoni, huyu anakata, yule anapika, mwingine anapakua, na oda zinazidi kumiminika. Kikosi hushindwa pale kila mtu anapong'ang'ania sehemu yake huku sahani chafu zimejaa na hakuna wa kuziosha. Abiria naye ana dakika chache kabla dereva hajapiga honi. Kwa hiyo gawaneni: mmoja apokee oda na pesa, mmoja apakue, mmoja aoshe. Kisha muwe na mmoja asiye na kituo, ambaye kazi yake ni kuangalia wapi pamezidiwa na kuhamia hapo. Vikundi vingi humwona huyu kama mtu wa ziada, wakamwondoa ili kupunguza gharama. Msimwondoe.

Sasa tufike kwenye mgawanyo, kwa sababu hapa ndipo urafiki wa miaka hufa. Wacheza gemu walikutana na shida hii mapema. Katika EverQuest, iliyotoka mwaka 1999, na baadaye World of Warcraft ya mwaka 2004, watu hata 40 walishirikiana saa nyingi kumwangusha jitu moja, kisha linadondosha vitu vichache tu vya thamani. Apewe nani? Waligombana, wakavunja vikosi, mwishowe wakabuni mfumo wa pointi. Ukishiriki unapata pointi. Ukitaka kitu unazitumia, na ukishazitumia zinapungua, hivyo safari ijayo mwenzako anakutangulia.

Upatu tunaufahamu, lakini upatu hugawa kwa zamu, awe mtu alifanya kazi au hakufanya. Daftari la pointi hugawa kwa jasho. Kuwahi zamu pointi moja, kumaliza zamu pointi moja, kulinda vifaa usiku pointi mbili. Pikipiki mpya ikija, au nafasi ya kwenda maonesho ya Nane Nane Morogoro, mwenye pointi nyingi anachagua kwanza na pointi zake zinakatwa. Faida ya fedha igawanywe kwa kanuni ya katiba yenu. Pointi ni kwa vile vitu visivyogawanyika.

Ila kuna hatari mbili. Daftari lisikae kwa mwenyekiti peke yake. Libandikwe ukutani, au lipigwe picha kila Jumamosi na kutumwa kwenye kundi. Na pointi zisiwe za kuhudhuria tu, maana mama mwenye mtoto mchanga ataachwa nyuma daima. Kuandika hesabu, kupiga simu kwa wateja, kufuatilia barua halmashauri, vyote vipewe pointi.

Kuhusu kumwinua aliyeanguka, fuateni gemu kwa utaratibu wake: kwanza kinga, ndipo mkono. Mwenzenu akiugua wiki ya rejesho, mfuko wa dharura ulipe sehemu yake siku hiyohiyo ili mkopo usitetereke. Mazungumzo ya namna atakavyorudisha yafanyike akishapona.

Kuna kitu kimoja cha gemu msikilete, nacho ni matusi. Kule mchezaji akitukanwa anatoka, anatafuta kikosi kingine kabla chai haijapoa. Mikumi ni mji mdogo. Uliyemtukana utakutana naye sokoni, kanisani au msikitini, na dada yake ameolewa kwenu.

Badala yake chukueni tabia ya wachezaji wazuri ya kuichambua mechi waliyoshindwa mara inapoisha. Mkifunga kazi, simameni dakika tano kabla ya kutawanyika. Swali la kwanza liwe "kazi ilikwama wapi?" Jina la mtu lisitajwe mpaka mahali na saa vimeshajulikana. Mara nyingi mtagundua kwamba aliyelaumiwa hakuwa amepewa taarifa. Andikeni badiliko moja la kesho, moja tu, na aliyelipendekeza ndiye alisimamie.