Mgeni Katika Shamba la Mikorosho

Katika somo hili twataka kufikiri habari ya wageni wa shamba, maana wenzetu wa mahali pengine wamekwisha kuanza. Huko Materuni, katika mteremko wa Kilimanjaro, wageni huonyeshwa kahawa tangu mtini hata kikombeni: huitwanga, huikaanga, kisha huinywa pamoja na wenyeji. Sisi wa Masasi na Newala hatuna mashamba ya chai wala kahawa ya kusifiwa, lakini tuna mikorosho.

Wengi hudhani kwamba Newala pana kitu kimoja tu cha kumwonyesha mgeni, ndilo Shimo la Mungu, genge lile kuu litazamalo bonde la Ruvuma. Ni kweli, mahali pale papendeza sana. Lakini mgeni hutazama saa moja, akaondoka, na mwenyeji akaachiwa vumbi. Akiingia shambani atakaa siku nzima. Basi tuangalie mambo matatu.

Kwanza, mafundisho. Asili ya mkorosho ni Brazil, nao Wareno ndio walioleta pwani yetu. Wakati wa mavuno, yapata Oktoba hata mwisho wa mwaka, mgeni aone korosho ikining'inia chini ya bibo, aokote pamoja nasi. Kisha aone akina mama wakizikaanga juu ya bati mpaka mafuta ya ganda yawake moto, wakizizima kwa mchanga na kuzibangua. Azuiwe kushika ganda bichi, kwa kuwa mafuta yake huunguza ngozi. Wala asisimame penye moshi.

Pili, malipo. Korosho zetu nyingi hupelekwa India na Vietnam zikiwa na maganda, na kazi ya kubangua huenda pamoja nazo. Mbele ya mgeni kazi hiyo hubaki kwetu. Kwa hiyo mama abanguaye apewe ujira wake mkononi siku ile ile. Tena bei itajwe mapema, isibadilike kwa kutazama mavazi ya mgeni.

Tatu, maji. Uwanda wa juu wa Makonde hauna mito, na tangu zamani wanawake wameshuka magengeni kuteka maji. Mgeni akilala kwetu, ndoo yake ya kuogea itatoka kichwani mwa nani? Aliyeteka naye awemo katika hesabu, wala asiwe mtoto aliyekosa shule kwa ajili ya ndoo hiyo.

Twasema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji si mwenye shamba peke yake. Ni yeye aliye motoni na yeye aliye kisimani pia. Hao wasipopona, mgeni amekuja bure.

Maswali ya kuzungumza:
1. Katika kijiji chetu, ni nani ajuaye kubangua vema, naye hupata nini?
2. Maji ya mgeni yatatoka wapi?
3. Fedha itagawanywa na nani, mbele ya nani?