Umeneja Uchukue, Sindano Uiache

Barua ya leo imetoka Umoja, hapa Nairobi, lakini najua wasichana wa Kayole, Donholm na Dandora wataisoma wakidhani ni wao walioiandika. Kwa hivyo nitaijibu kwa kirefu.

“Hujambo dada. Nilianza kwa kusuka nywele katika saluni ya mama mmoja karibu na soko la Mutindwa, kisha nikasomea urembo. Sasa nafanya kazi katika kliniki ya ngozi na urembo huko Kilimani. Wiki iliyopita bosi aliniita akaniambia ananipa umeneja. Nitaongoza wenzangu saba. Wengine wamenizidi umri, na wawili ni wauguzi. Nilifurahi mpaka aliponiambia kwamba siku daktari asipofika, mimi ndiye nitakayewadunga wateja sindano za botoksi na za kujaza midomo, kwa sababu mikono yangu ni myepesi. Nyumbani wameshaanza kuuhesabu mshahara mpya. Nikatae kazi?”

Sijambo mdogo wangu, na hongera. Kutoka kiti cha kusukia pale Mutindwa hadi kukabidhiwa kliniki nzima ni safari uliyoitolea jasho. Kazi usiikatae. Kataa sindano. Nitakueleza kwa nini, halafu tuone utamwambia nini bosi.

Botoksi ni dawa ya kuandikiwa na daktari, haimo katika kundi moja na losheni. Hulegeza misuli, na ikidungwa mahali pasipofaa kope huteremka, mteja akakaa wiki kadhaa jicho moja likiwa limefunguka nusu. Sindano ya kujaza midomo ina hatari kubwa zaidi. Ikiingia kwenye mshipa wa damu, sehemu ile ya ngozi hukosa damu na kuanza kufa. Ikifika kwenye mishipa ya jicho, mtu anaweza kupofuka. Aliyefunzwa huitambua rangi ya ngozi inapobadilika, na huwa na hialuronidesi karibu, dawa ya kuyeyusha sindano zilizotengenezwa kwa asidi ya hialuroniki. Wewe utafanya nini? Utampigia simu daktari aliye mbali huku uso wa mwanamke mwenzako ukiharibika mbele yako. Mikono myepesi haioni mshipa uliofichika chini ya ngozi.

Tena, siku mambo yakiharibika, bosi hatakuwa chumbani na daktari hatakuwa chumbani. Aliyeshika sindano ni wewe. Mwishoni mwa 2024, mwanamke mmoja alifariki baada ya kufanyiwa huduma ya kurekebisha umbo katika kliniki moja hapa Nairobi, na KMPDC, baraza linalosimamia madaktari na kutoa leseni za vituo vya afya, likaifunga kliniki hiyo. Wateja na wafanyakazi wa mahali kama hapo huumia pamoja.

Sasa bosi. Usimwendee na hasira, mwendee na kalenda. Hofu yake ni pesa kupotea siku ambazo daktari hayupo, basi mpe dawa ya hofu hiyo. Mwambie sindano na leza zenye hatari zitapangwa katika siku za daktari pekee, na mteja atalipa sehemu ya pesa kwa M-Pesa anapoweka nafasi, ili asipotee. Siku nyingine mtafanya huduma za kusafisha uso, masaji, kuondoa nywele kwa nta na ushauri wa ngozi, kazi ulizosomea na unazozijua. Mwombe mipaka hiyo iandikwe katika mkataba wako. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe na mkataba wa maandishi, kwa hivyo hutakuwa umeomba hisani. Akikubali, umempata bosi wa kufanya naye kazi. Akikataa, amekuonyesha mapema kwamba anakutafutia mzigo wake uubebe wewe.

Tuseme amekubali. Umeneja wa mahali kama hapo ni nini hasa? Wengi hudhani ni kuvaa vizuri na kupokea wateja. Mimi nakwambia ni kulinda ngozi za watu, na kila siku utazilinda kwa mambo yanayoonekana madogo.

Anza na ukuta. Leseni ya kituo ibandikwe mahali ambapo mteja ataiona. Leseni ya daktari huhuishwa kila mwaka, na jina lake linaweza kutafutwa kwenye tovuti ya KMPDC. Litafute mwenyewe. Wauguzi wako nao wako chini ya Baraza la Wauguzi, kwa hivyo omba karatasi zao pia, kwa heshima.

Nenda kwenye mashine za leza za kuondoa nywele. Kipimo cha rangi za ngozi kinachotumiwa na watu wa leza kilianzishwa na daktari Mmarekani, Thomas Fitzpatrick, mwaka 1975, na mwanzoni kiliangalia ngozi nyeupe tu. Ngozi za kahawia na nyeusi ziliongezwa baadaye. Mashine nyingi nazo zilitengenezwa kwa mawazo hayo hayo. Mwanga wake huitafuta rangi nyeusi ya unywele, na kwa ngozi kama yangu na yako hukutana na weusi wa ngozi kwanza, ukaiunguza. Leza ya mawimbi ya nanomita 1064 hupenya chini zaidi na haivutwi sana na weusi huo, ndiyo maana wataalamu huipendelea kwa watu weusi. Muuzaji akija na mashine mpya, muulize mawimbi yake na imejaribiwa kwa ngozi gani. Asipojua, asiuze.

Fungua kabati la krimu. Shirika la Viwango, KEBS, limepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, lakini wewe umekulia Eastlands na umeyaona mashavu yaliyobabuka na vifundo vya vidole vilivyobaki vyeusi. Krimu isiyo na orodha ya viungo, au ile ya steroidi inayouzwa kama ya kung'arisha, isiingie kliniki yako hata kama faida yake ni tamu. Mteja akikuomba umfanye mweupe, mketishe. Mweleze kwamba madoa yaliyoachwa na chunusi yanatibika, na kwamba rangi aliyozaliwa nayo haina ugonjwa. Muulize pia kama kwao kuna watu wenye makovu yanayovimba, kwa sababu keloidi huenda na ukoo, na jibu hilo linaweza kubadilisha kila kitu mnachopanga kumfanyia.

Halafu picha. Najua mnapenda kuweka mitandaoni sura ya kabla na sura ya baada. Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data alikipiga kilabu kimoja cha burudani Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila idhini yake. Kama picha ya mtu akistarehe iligharimu hivyo, fikiria ya mtu akitibiwa uso. Fomu ya idhini itiwe sahihi, na mteja aambiwe wazi kwamba akikataa bado atahudumiwa vilevile.

Na watu wako saba je? Waliokuzidi umri waite kwa heshima waliyozoea, waulize wanachojua, kisha amua na usiyumbe. Wauguzi wanakushinda kwa elimu ya tiba, na hilo lisikutishe. Waachie tiba, wewe shika mpangilio, vifaa na pesa. Ukitengeneza ratiba, kumbuka ulikotoka. Msichana wa Kayole aliyefunga kliniki usiku hawezi kuwa wa kwanza kuifungua asubuhi, na barabara ya Outer Ring kukiwa na mvua wewe unaijua. Mtafutie nauli ya kumfikisha salama. Kiongozi anayefikiria jinsi mfanyakazi atakavyofika nyumbani haachwi ovyo na wafanyakazi wake.

Usikome kusoma. Kama kuna ufundi uliojifunza kazini bila cheti, NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, hufanya mitihani ya ufundi kuanzia Gredi ya Tatu hadi ya Kwanza, na mwenzako wa saluni ya mtaani anaweza kuifanya pia. Ongeza kozi ya hesabu na usimamizi. Na ikiwa moyo wako kweli unataka tiba ya ngozi, njia ipo, ila ni ndefu. Maafisa wa kliniki kutoka nchi nyingi za Afrika wamesomea ngozi katika kituo cha Moshi, Tanzania, kilichofunguliwa mwaka 1992 kwenye hospitali ya KCMC. Ukitaka kushika sindano siku moja, ingia kwa mlango huo wa masomo, na hakuna atakayekuzuia.

Wanawake wamekutangulia katika biashara hii. Terry Mungai alijenga Ashleys, saluni pamoja na chuo cha kufundisha kazi hiyo hiyo. Suzie Wokabi, mpambaji, alianzisha vipodozi vya SuzieBeauty akiwafikiria wanawake wa hapa, na mwaka 2016 kampuni ya Flame Tree ikavinunua. Zamani zaidi, kule Marekani, Madam C. J. Walker alikuwa mfua nguo kabla ya kuuza dawa za nywele. Mwaka 1917 aliwakusanya mawakala wake Philadelphia, na zawadi hakuwapa waliouza sana peke yao, aliwatuza pia waliotoa zaidi kusaidia jamii. Jiulize wewe utawatuza wafanyakazi wako kwa lipi. Ukimsifu tu aliyeuza huduma nyingi, watauza hata zisizofaa. Msifu hadharani yule aliyemwambia mteja, “Hii haikufai, nenda ukamwone daktari wa ngozi.”

Kuhusu nyumbani, zungumza nao kabla ya mshahara kuingia. Sema kiasi utakachotoa kila mwezi, sema kiasi cha karo yako na cha chama, na ushikilie hapo. Mtu mwenye madeni mengi huona ugumu kumkatalia bosi jambo baya, na mimi nataka uwe na akiba ya kukuwezesha kukataa.

Basi kesho andika barua ya ukurasa mmoja. Shukuru kwa nafasi, taja kazi utakazofanya, taja sindano kuwa kazi ya daktari, ambatisha kalenda yako, tia sahihi na ubaki na nakala. Akikurudishia jibu, niandikie tena. Na ninyi wengine mlio na swali kama hili, msingoje mpaka sindano iwe mkononi ndipo mniulize.