Pikapu ya Zamani, Rangi Mpya, Bajeti Ndogo

Hilux ya miaka ya 80 inayobeba mchanga Kigamboni au matikiti Bagamoyo haina haja ya kung'aa kama gari la harusi. Inachohitaji ni bati lisiloliwa na kutu, na sura ya kumfanya mwenye mzigo akuamini. Vyote viwili vinapatikana bila kompresa, mradi uwe tayari kutoa jasho pale hela isipotosha.

1. Soma kadi kabla ya kununua kopo. Rangi ya gari imeandikwa kwenye usajili, kwa hiyo ukiibadilisha itakubidi upeleke taarifa TRA, au NTSA kwa walioko Kenya. Mimi ningerudia rangi ileile: unaepuka usumbufu, na hulazimiki kupaka ndani ya milango na chini ya boneti. Ukiamua kubadili, chukua nyeupe au krimu. Haivuti joto sana juani na huficha mabonde ambayo nyeusi inayong'aa huyatangaza.

2. Tumia rangi ya mafuta ya kupaka kwenye chuma. Rangi za gari zinazochanganywa na hadina hudumu zaidi, hilo halina ubishi. Lakini hadina hiyo ina isosayaneti, kemikali inayoweza kukuachia pumu ya maisha, na barakoa ya kitambaa haiizuii. Nakuomba usiipulizie uani penye watoto. Rangi ya mafuta hukubali brashi na rola ndogo ya sponji, na kwa pikapu ya kawaida kopo la lita 4 hutosha mikono miwili.

3. Ipime rangi ya zamani. Lowesha kitambaa kwa tina, kisha sugua sehemu iliyojificha. Rangi ikilainika na kutoka, jua kwamba tina kali itaikunja. Rangi mpya izimue kwa tapentaini.

4. Maliza kutu, hata kama itakula siku nyingi kuliko kazi nyingine zote. Kutu hutembea chini ya rangi, hivyo doa la ukubwa wa sarafu huenda limeshaenea hadi upana wa kiganja. Kagua sehemu ya chini ya milango, kingo za madigadi, mifereji ya paa, kona za bodi ya nyuma na chini ya mpira wa kioo cha mbele. Gonga taratibu kwa kipini cha bisibisi. Bati likibonyea, limekwisha. Penye kutu ya juujuu, sugua kwa brashi ya waya na msasa namba 80 hadi chuma king'ae. Kwenye vishimo visivyofikika paka dawa ya kutu yenye asidi ya fosforasi, ambayo huigeuza kutu kuwa tabaka jeusi lililotulia.

Tundu ni habari nyingine. Usilizibe kwa puti. Puti hunyonya unyevu, na baada ya masika moja itavimba na kubanduka na rangi yako juu yake. Mpelekee fundi wa kuchomelea akate sehemu iliyooza na kuweka kipande cha bati. Kama una hela ya kumlipa fundi mmoja tu, mlipe huyu. Usisahau kuzibua vitundu vya kutolea maji chini ya milango: vikiziba, maji hukaa ndani na mlango huoza kuanzia upande usiouona.

5. Puti iwe nyembamba, ya kusawazisha tu. Isuguliwe ikiwa kavu, kisha ipakwe praima mapema.

6. Rangi ya zamani iliyoshika vizuri haina haja ya kubanduliwa. Ikwaruze kwa msasa wa maji, namba 240 kisha 400, hadi mng'ao wote upotee. Maji yanasaidia pia kuzuia vumbi, na hilo ni jambo kubwa kwa gari la zamani ambalo rangi yake huenda ina risasi. Penye bati tupu weka praima ya kuzuia kutu. Usiliache gari lina praima tupu kwenye mvua, kwa sababu praima nyingi hupitisha maji.

7. Osha kwa sabuni, suuza, acha likauke kabisa, kisha pangusa kwa kitambaa safi chenye tapentaini. Mabaki ya grisi au polishi yenye silikoni huifanya rangi ikimbie na kuacha vijicho. Ziba kwa magazeti na tepu: vioo, taa, viakisi mwanga na kibati cha namba ya chesisi.

8. Subiri kiangazi. Mwambao una unyevu, hivyo anza umande ukishakauka, chini ya kivuli, na uache mapema kabla ya jioni. Paka sehemu moja kwa wakati, mlango mzima au boneti nzima, halafu lainisha kwa ncha ya brashi bila kukandamiza. Mikono miwili au mitatu myembamba ni bora kuliko mmoja mzito, ambao hutiririka na kubaki laini ndani. Kati ya mkono na mkono, acha ikauke na uikwaruze kidogo kwa namba 600.

9. Rangi ya mafuta hukauka juu kwa siku moja, lakini kukomaa huchukua wiki kadhaa. Kwa muda huo usiifunge turubai wala kuisugua kwa sabuni kali. Ukipita kwenye maji ya chumvi, suuza chini ya gari siku hiyohiyo. Rangi iliyobaki ihamishie kwenye chupa ndogo iliyojaa hadi juu na uifunge vizuri, kwa sababu mkwaruzo wa kwanza ukionyesha bati, inafaa uupake wiki hiyohiyo.