SOMO: KUCHAGUA TELEVISHENI KUBWA YA KUWASHWA KUTWA

Tangu Serikali ya Muungano ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, na mji huo kupewa hadhi ya jiji mwaka 2018, ofisi, kumbi za kungojea na nyumba za watumishi zimeongezeka sana huko, na miongoni mwa watumishi hao wamo waliotoka Visiwani. Katika sehemu nyingi televisheni kubwa huwashwa asubuhi na kuzimwa usiku. Chombo cha kazi hiyo hakichaguliwi kama kile kinachotazamwa kwa muda mfupi baada ya chakula cha usiku. Yafuatayo yazingatiwe, ili fedha za umma au akiba ya mtumishi isipotee.

Kwanza, ukubwa. Kioo hupimwa kwa inchi kutoka pembe hadi pembe. Inchi 55, yaani sentimita 140 hivi, hutosha kwa walioketi umbali wa mita 2 hadi 3. Ukumbini, ambako benchi la nyuma huweza kuwa mita 6, maandishi madogo yapitayo chini ya picha hayatasomeka vyema. Hapo hutakiwa kioo kikubwa zaidi, au viwili. Picha ya HD kamili ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwenda juu, na ya 4K ina 3,840 kwa 2,160. Hata hivyo, televisheni ya 4K haileti undani ambao kituo hakikuurusha.

Pili, aina ya kioo. Katika kioo cha OLED kila nukta hutoa mwanga wake, na weusi wake hupendeza mno. Lakini nembo ya kituo ikikaa pembeni kutwa kwa miezi mingi, huweza kuacha alama isiyofutika. Kwa ukumbi unaofungua kituo kimoja kila siku, kioo cha kawaida chenye taa za LED ni salama zaidi.

Tatu, umeme. Kibandiko cha nyuma kisomwe: kionyeshe volti 220 hadi 240. Televisheni inayotumia wati 120 kwa saa 12 kila siku hula uniti 43 hivi kwa siku 30. Mwangaza uliowekwa kuwavutia wanunuzi dukani upunguzwe; kufanya hivyo hupunguza gharama, joto na uchakavu wa taa.

Nne, mazingira. Visiwani adui wa vyombo hivi ni unyevu na hewa ya chumvi. Dodoma, iliyo juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, adui ni vumbi. Kiangazi huanza Mei hadi Novemba hivi, na upepo huingiza vumbi katika matundu ya kupozea. Kwa hiyo nafasi iachwe nyuma ya chombo, na matundu yafutwe kwa kitambaa laini kikavu, umeme ukiwa umezimwa. Mvua za radi zianzapo, plagi na waya wa antena vichomolewe. Aidha, umeme uliokatika ukirudi, isubiriwe dakika chache kabla ya kuwasha.

Tano, mawimbi. Matangazo ya analojia yalizimwa Dodoma mapema mwaka 2013. Mnunuzi aulize kama televisheni ina kipokezi cha dijitali cha DVB-T2 ndani yake. Kama haina, itahitaji king'amuzi.

Mwisho, hati ya dhamana. Dhamana nyingi za televisheni za nyumbani haziwahusu wanaozitumia katika ofisi au biashara. Zipo skrini zilizotengenezwa mahsusi kwa kazi ya saa 16 au 24 kwa siku. Bei yake ni kubwa, lakini hati yake huikubali kazi hiyo.

Maafisa ugavi na wananchi wanakumbushwa kuisoma hati hiyo kabla ya malipo, si baada ya chombo kuharibika.